Komredi wa Masufuria

Kama kuna mtu wa kulaumiwa kwa Harub kushika madaraka, basi ni mkewe. Na kama kuna wa kulaumiwa kwa kuanguka kwake... lakini tusikimbilie huko. Pilau haianzwi kuliwa kwenye ukoko.

Harub alistaafu mwaka 1993, baada ya miaka ishirini ya ufundi wa pampu za maji serikalini. Siku ya kwanza ya kustaafu alilala mpaka saa tatu asubuhi. Siku ya pili aliingia jikoni, akasimama nyuma ya Shaikha, mikono mgongoni, akamtazama anavyotia dengu kwenye chungu. Akauliza, "Mama Balqees, kwa nini usianze na vitunguu?" Siku ya tatu akabandika ratiba kwenye friji. Siku ya nne akaitisha mkutano, wajumbe wakiwa yeye, mkewe na binti yao Balqees, kuzungumzia suala la matumizi ya gesi.

"Wifi, nakufa," Shaikha akamwambia Hamdiya kwenye simu. Hamdiya ni dada yake Harub, na anamjua ndugu yake. "Mume nilimzoea wa jioni. Huyu wa mchana simuwezi, wallahi."

Hebu kwanza mjue Harub ni mtu gani. Alitoka Unguja kijana, akapelekwa Moscow kusoma, akarudi na shahada ya uhandisi, kofia ya manyoya isiyovalika, na kadi ndogo nyekundu. Kadi ile alikuja nayo mpaka Maskati, imeshonewa ndani ya bitana ya koti. Siku hizo neno ukomunisti hapa hata mto wa kulalia huuambii. Watu wakamwita Komredi kwa kunong'ona. Baadaye, dunia ilipobadilika na jambo lenyewe likawa la kuchekesha, wakamwita Komredi kwa sauti.

Dola ya Moscow ilipoanguka, Harub hakula siku tatu. Mwaka uliofuata meli ya Kirusi ikatia nanga Bandari ya Sultan Qaboos, naye akakimbia Matrah kuwatafuta mabaharia awaulize kulikoni. Walimfahamu Kirusi chake vizuri tu. Walimkumbatia, wakamlilia begani, kisha wakamuuzia nishani tatu za ushujaa na samovari, lile birika lao kubwa la chai, isiyo na kifuniko. Alirudi nyumbani ameipakata ile samovari kama mtoto mgonjwa.

"Unajua walikosea wapi?" alimwambia mkewe. "Hawakuwa na masikio. Ukomunisti haukuwa na kosa, Shaikha, haukuwa na masikio tu. Unatakiwa ukomunisti unaosikiliza watu."

"Mdomo unao lakini," Shaikha akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Sasa masufuria. Familia za Kizanzibari pale mtaani kwetu Wadi Kabir zilikuwa na masufuria ya pamoja, ya harusi, hitima na shughuli nyingine. Msidhani kilikuwa chama. Chama kinataka karatasi za serikali. Hayo yalikuwa ni masufuria tu, yenye watu. Yaliwekwa kwenye stoo nyuma ya nyumba ya Bwana Sleiman, mlango mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo ndiye mkubwa. Yeye ndiye anayesema nani apike wiki hii na nani asubiri, na hakuna anayemuuliza kwa nini.

Kubwa kuliko yote lilikuwa sufuria la shaba lililoitwa Bi Mkubwa. Hilo lililetwa kutoka Unguja na mama yake Shaikha. Bibi yule alikuja Maskati na nguo za kubadili mbili na sufuria lile, na alipoona watu hawana cha kupikia, akalitoa litumiwe na wote. Alipokuwa kitandani kwa maradhi yake ya mwisho alimshika Shaikha mkono, akamwambia, "Mwanangu, sina nnachokuomba ila kimoja. Balqees akiolewa, wali wake upikwe ndani ya Bi Mkubwa." Shaikha akasema naam, mama. Na neno la kumwambia mama anayekufa halirudi nyuma.

Katika miaka miwili na nusu, wazee watatu wenye ufunguo walifariki mmoja baada ya mwingine. Kila akifa mmoja, huchaguliwa aliyemzidi umri, naye hajamaliza hata kuizoea kufuli, keshazikwa. Watu wakaanza kusema ufunguo una jicho. Bwana Sleiman, aliyekuwa makamu wa wote watatu, alitaka ukubwa, lakini alitaka na uhai. Walipotoka kumzika wa tatu, wanaume wote walikaa wakitazama mkeka.

Shaikha akaona mlango umefunguka. Akamwambia Hamdiya, Hamdiya akawaambia wenziwe, na haikupita wiki kila mume wa Wadi Kabir alikwishaambiwa na mkewe, wakati wa chakula, kwamba mtu anayefaa ni mmoja tu, Harub: "Kijana yule! Ana miaka sitini na moja, hafi leo!" Ijumaa iliyofuata baada ya sala, Harub akakabidhiwa ufunguo. Alilia machozi. Na Shaikha nyumbani akaibandua ratiba kwenye friji, akapika dengu atakavyo.

Miezi miwili ya raha, asikuambie mtu. Jikoni kimya. Mume hatoki stoo.

Huko stoo, lakini, kulikuwa na mambo. Kwanza Harub aliuchukua ufunguo akautundika kwenye msumari nje ya mlango, kila mtu aufikie. "Mali ya umma haifichwi," alisema. Umma ukaufikia. Vijana wakachukua masufuria mawili kwenda nayo pikiniki ufukweni Qantab, wakachemshia papa, na harusi ya wiki ile pilau ilinuka mpaka babake bwana harusi akauliza kwa adabu kama ile ni nyama au ni nini.

Kisha akasema kila Ijumaa watu wakutane, na kila mwenye dukuduku alitoe bila kuogopa. Ijumaa ya kwanza hakusema mtu. Ya pili, mzee mmoja akasimama akataja maini ya mbuzi aliyonyimwa kwenye harusi ya mwaka sabini na tisa, na nani alikula. Lahaula! Tangu siku hiyo hakuna aliyenyamaza. Mikutano ilianza baada ya sala ya alasiri, ikakatizwa na magharibi, na watu wakatoka hawasalimiani. Harub alirudi nyumbani macho yanamng'aa. "Wanasema, Shaikha! Wanasema!"

Akawaingiza na watu wa bara. Hawa ni Waomani kama sisi, ila wazee wao walikaa Tabora, Kigoma na Bujumbura, na kwa miaka mingi walikuwa wakiazimwa masufuria kwa hisani, mwisho kabisa, yale yaliyopasuka. Bwana Sleiman alishika kichwa. "Watu wa bara, Harub? Waje wapange foleni moja na sisi?" Harub akamjibu, "Wao wanakula wali na sisi tunakula wali." Na pale penye zamu kugongana akafuta habari ya nani mkubwa na nani mdogo. Ikawa kura. Majina yanatiwa kwenye kofia, linatolewa moja.

Mwisho akasema wanawake nao waje mkutanoni, wakae upande wao wa pazia, wapige kura kama wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoyasugua masufuria. Siku hiyo Shaikha alimpenda mumewe mapenzi mapya. Alimkaangia samaki wawili, akamtolea miba kwa mkono wake.

Basi ikafika Rajab, na Balqees akachumbiwa. Harusi Alhamisi ya pili ya Shaaban. Shaaban kila mtu anaoza, anaiwahi Ramadhani, na Alhamisi ileile Murshid naye alikuwa anamuozesha mwanawe. Murshid ni mtu wa Tabora, mpole, ana pikapu nyeupe. Majina mawili yakatiwa kwenye kofia. Harub mwenyewe akafumba macho, akatia mkono, akatoa karatasi, akasoma, "Murshid."

Shaikha alimsubiri mlangoni.

"Rudia kura."

"Hairudiwi, Mama Balqees."

"Sufuria la mama yangu!"

"Lilikuwa la mama yako. Alilitoa mwenyewe. Sasa ni la umma."

"Umma ulikuwepo wakati mama anakufa? Umma ulishikwa mkono? Wewe una masikio ya watu wote, Harub. Yangu mie umeyapeleka wapi?"

Harub uso ulimsawijika, akajishika shavu. Alikuwa na gego bovu ambalo likimwona ana huzuni linapata nguvu. Shaikha alimpa karafuu ya kubana kwenye jino, kama alivyozoea miaka yote, lakini alimpa bila kumtazama.

Bwana Sleiman, kwa kuwa Harub kashika ufunguo mwaka mzima na hajafa, alikwishaona kuwa jicho limeondoka. Ijumaa iliyofuata akasimama. "Komredi, wewe si unapenda kura? Basi na sisi tunataka kura. Ubaki au uondoke."

Mwengine angekasirika. Harub alifurahi! Alisema ndiyo, tena iwe ya siri, mtu asijue mwenziwe kachagua nini. Kila mmoja atapewa karafuu moja na kokwa moja ya tende. Anayetaka Harub abaki atatumbukiza karafuu kwenye mkebe, asiyemtaka atatumbukiza kokwa. Kile kitakachomsalia atakificha au atakitupa, siri yake. Na kwa kuwa hakuna jiko Wadi Kabir lisilo na karafuu, na hakuna nyumba isiyo na tende, alizifunga zote uzi mwekundu, mtu asije na zake za mfukoni. Wapiga kura arobaini na mmoja, karafuu na kokwa themanini na mbili. Alikaa nazo siku mbili. Macho yake hayaoni vizuri karibu, kwa hivyo aliyekuwa akimkatia nyuzi na kumfungia vifundo vidogo ni Shaikha.

"Unadhani watanichagua?" alimuuliza.

"Shika hii," Shaikha akasema, akampa karafuu nyingine.

Siku ya kura alikaa nyuma ya pazia, kajitanda kanga yake nzuri, karafuu kiganja cha kulia, kokwa kiganja cha kushoto. Aliisikia sauti ya mumewe upande wa pili inawashukuru watu kwa kuja. Sauti ilikuwa na furaha kweli. Akaisikia na sauti ya mama yake. Mkebe ukampitia, ukawa mbele yake, Hamdiya kaushika na kichwa kageuza pembeni kwa heshima ya siri. Shaikha akatia mkono, akaachia. Kisha vidole vyake vikafanya vilichozoea miaka arobaini, vikakifunga kilichobaki kwenye pindo la kanga.

Hamdiya akamwaga mkebe kwenye sinia, akahesabu kwa sauti mbele ya wote. Karafuu ishirini. Kokwa ishirini na moja.

Harub akanyanyuka, akautoa ufunguo kwenye msumari, akampa Bwana Sleiman kwa mikono miwili. Aliwashukuru wote, akasema anawashukuru zaidi wale ishirini na mmoja. Alifika nyumbani akalala kageukia ukutani, shavu limevimba.

"Ningependa kumjua yule mmoja," alisema siku ya pili. "Si kwa ubaya. Kumjua tu."

"Kunywa uji," Shaikha akasema. Moyo ulikuwa unamuuma kama umeshikwa na koleo. Ile kanga aliikunja, akaitia chini kabisa ya sanduku.

Bwana Sleiman, bila kofia wala karatasi, akasema Alhamisi ile masufuria ni ya harusi ya Balqees. Watu wa bara wasubiri.

Asubuhi ya harusi ua mzima ulikuwa moshi. Bi Mkubwa kakaa juu ya moto, mchele ndani yake unachemka, na Shaikha kasimama na mwiko mrefu, analia na kucheka, na kila anayemuuliza anamwambia ni moshi. Alikuwa kaitoa kanga yake nzuri sandukuni, kwani angemuoza binti yake kajitanda nini? Harub alikaa kwenye kibao akimenya vitunguu. Hakuna aliyemlazimisha. Bwana Sleiman alikuwa akizunguka na ufunguo shingoni, anawaonyesha watu wanaojua kuchochea moto namna ya kuchochea moto.

Saa nne akaja Murshid na pikapu yake. Alileta dumu la asali ya Tabora, zawadi ya bibi harusi. "Sisi harusi yetu usiku," alisema. "Nimekodi masufuria ya mkahawa huko Ruwi. Madogo, itabidi tupike mara nne, lakini inshallah watu watakula." Hakusema kwa kinyongo, na hilo ndilo lililomtia Shaikha haya. Angenuna angalau.

Murshid akaenda kusaidia kupanga masinia. Harub akaweka kisu chini, akashika shavu.

"Mama Balqees. Jino."

Shaikha alikuwa na mkono mmoja kwenye mwiko. Wa pili ukaenda wenyewe kwenye pindo, ukafungua fundo, ukatoa karafuu, ukampa. Wala hakutazama. Alitazama pale Harub alipokuwa haipeleki mdomoni.

Ilikuwa kwenye kiganja chake, na uzi mwekundu, na kile kifundo kidogo. Harub aliisogeza karibu na macho, akaigeuza, kama alivyokuwa akigeuza skrubu ya pampu mbovu. Mwiko ukasimama ndani ya Bi Mkubwa.

"Kikulacho..." Harub akaanza, asimalize.

"Baba Balqees, wallahi..."

"Ngoja. Tangu ujana wangu nimekaa vyamani, Shaikha. Huko Moscow na huko kwetu. Kila kura niliyoiona, mkubwa alipata mia kwa mia. Nikawa namuomba Mungu, ndiyo, Mungu, usinitolee macho, kabla sijafa nimwone mtu mmoja anampinga mkubwa wake na haogopi. Mmoja tu." Akaufungua uzi taratibu, akaibana karafuu kwenye gego. "Sikujua kama n'nalala naye."

Shaikha akalia, na safari hii hakusingizia moshi. "Umekasirika?"

"Nimeumia. Nimeumia sana. Na nimefurahi. Usiniulize kipi kimezidi, jino linaniuma."

"Nilimuahidi mama."

"Najua. Nami nilikusikia ukiniambia, nikajifanya sisikii." Alichukua kitunguu kingine. "Koroga, wali utashika chini."

Shaikha alikoroga. Wali ulitoka punje punje, mweupe, na ulipopakuliwa yeye mwenyewe alimpelekea Balqees sinia ya kwanza, akamlisha tonge la bibi yake. Halafu akatoka nje, akajifunga kanga kiunoni, akasimama katikati ya ua.

"Murshid! Rudisha pikapu nyuma. Sufuria bado lina moto, lioshwe hapahapa, liende kwako sasa hivi. Na mengine pia."

Bwana Sleiman akaja mbio, ufunguo unamgonga kifuani. "Bi Shaikha! Masufuria yanarudi stoo, yanafungiwa, ndiyo yanatoka tena! Huo ndio utaratibu! Nani kaamua jambo hili?"

"Mchana wanakula kwetu, usiku wanakula kwao," Shaikha akasema. "Watu wazima arobaini na mmoja tumegombana mwezi mzima, na hakuna aliyeuliza harusi saa ngapi. Kama hutaki, Bwana Sleiman, lete karafuu na kokwa tupige tena. Wanawake tuko hapahapa."

Wanawake walikuwa hapahapa. Walikuwa kumi na tisa, wamesimama na miiko, Hamdiya mbele. Bwana Sleiman akaangalia miiko ile, akaona bora naye aende kushika upande mmoja wa sufuria.

Bi Mkubwa akapandishwa juu ya pikapu, na Harub akapanda naye, kwa kuwa, alisema, mtu wa kulishika lisipinduke lazima awepo. Gari likaondoka. Kakaa nyuma, shavu limevimba, kalikamata sufuria sikio, na mkono wa pili anawapungia watu wa njiani kama mkubwa wa dola anayekagua gwaride. Watu nao, kwa kuwa hawajui, wakampungia.

Shaikha alimtazama mpaka pikapu ikakata kona. Ule uzi mwekundu aliukuta kwenye kibao, kati ya maganda, akaufunga pindoni. Jioni Harub angerudi na njaa, na lile gego haliwezi nyama. Akaingia jikoni, akatoa dengu, akazirowesha, akawasha jiko. Kisha, pasipo kuambiwa na mtu, akaanza na vitunguu.